Kusoma Tena Bila Mtihani

Wengi wetu tulikutana na riwaya za Kiswahili darasani. Tulizisoma kalamu mkononi, tukipigia mistari methali na tashibiha, tukiorodhesha wahusika, tukigawa kila kitu mafungu mawili: fani huku, maudhui kule. Mtihani ulipokwisha, kitabu kilirudi stoo ya shule au kikarithiwa na mdogo wa kufuata, na jina lake likabaki kichwani pamoja na majibu ya maswali. Ndiyo maana mtu mzima aliyesoma Utengano au Rosa Mistika akiwa na miaka kumi na saba anaweza kukusimulia kisa kizima bila kukosea jina la mtu, ilhali hakupata nafasi ya kuonja namna kisa hicho kilivyoandikwa.

Mimi nimekuwa nikizirudia riwaya hizi kila baada ya miaka kadhaa, na kila mara nazidi kuamini jambo moja: ustadi wa mwandishi wa riwaya hauonekani sawasawa mpaka msomaji aache kuuliza, "Halafu ikawaje?" Swali hilo ni zuri, na mwandishi asiyeweza kulizusha hana msomaji. Lakini linayakimbiza macho. Likishajibiwa, macho hutulia, na maswali mengine hupata nafasi. Kwa nini ameanzia hapa? Kwa nini mtu huyu ameingia sasa na hakuingia mapema? Kwa nini habari hii ameizuia kwa muda wote huu? Riwaya dhaifu ikiulizwa hayo hunyamaza. Riwaya iliyoandikwa na fundi hujibu kila swali, na majibu yake ndiyo raha ya kurudia.

Nianze na hadithi za upelelezi, kwa kuwa ndizo zinazodhaniwa hazina maisha ya pili. Muuaji akishajulikana, msomaji arudie nini? Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, anatupa jibu. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, na riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo, mpelelezi akiwa yule yule: Bwana Msa na kiko chake, na pembeni yake rafiki yake Najum.

Msomaji wa mara ya kwanza hushughulika na maiti. Anayerudia huona kwamba ushahidi mzito wa Bwana Msa unatoka katika mazungumzo ya kawaida kabisa: nani alimwoa nani, mtoto gani alilelewa na shangazi yake, mali ya marehemu ilipita mikononi mwa nani. Unguja ya riwaya hizi ni nchi ya nasaba, na siri kubwa karibu kila mara ni siri ya ukoo. Mwandishi hazifichi habari hizo. Anazitamka mbele yetu, ila anazitamka kwa sauti ya soga. Watu wanaongea, mmoja anagusia jambo la zamani, mwingine anamkatiza kwa mzaha, maneno yanasonga mbele. Sisi tunacheka ule mzaha, na lile jambo la zamani linatupita. Ukirudi ukijua mwisho, unalikuta pale pale lilipowekwa, peupe, na unamheshimu aliyeliweka. Tena unaona kwamba utani ule ulikuwa na kazi. Mwandishi mwingine angeondoa mzaha ili hadithi iende kasi, na hapo hapo angekuwa ameondoa pazia.

Shaaban Robert alijenga kwa njia nyingine. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, ni kitabu chembamba kinachosomeka kwa jioni moja. Katika nchi inayoelea angani, mtu mmoja aitwaye Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa sababu ametaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri, Majivuno. Karama anapopewa nafasi ya kujitetea, hasemi sana juu ya nafsi yake. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani na nchi hiyo hiyo, kila mmoja upande wake: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja aliteseka njiani, akarudi na busara aliyoikusanya huko, na malipo yake yakawa kifungo.

Nilipokuwa kijana marudio haya yalinichosha. Mjumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mwisho wao mmoja! Sasa marudio hayo ndiyo ninayoyasubiri, kwa sababu ndimo shtaka la kweli lilimo. Anapofika mjumbe wa nne, msomaji anajua hukumu yake kabla hajafungua kinywa, na kujua huko kunauma. Hakuna aliyemwambia msomaji kwamba Kusadikika ni nchi isiyosikia. Ameizoea tabia yake mwenyewe, kama raia wake walivyoizoea. Wakati huo huo, busara wanazorudi nazo wajumbe hazifanani, hata kinachopotea kila mara ni kitu kipya. Shaaban Robert alichukua marudio ya ngano, ambayo kila mtoto aliyekaa miguuni kwa bibi anayajua, akayafanya hoja ya wakili.

Inafaa pia kukumbuka alikoandikia. Alikuwa karani katika utumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na kitabu kilitoka Waingereza wakiwa bado watawala. Kuiweka nchi angani, kuwapa watu majina ya sifa na kasoro za binadamu, na kumpa mshtakiwa nafasi ya kusema mbele ya kiti cha enzi kulimwezesha kuzungumzia dhuluma kwa kirefu huku hakuna mtawala aliyetajwa kwa jina. Ustadi huo haujachakaa. Msomaji wa leo akifungua kitabu kile hukuta Majivuno anamfahamu.

Namshauri anayerudia Kusadikika aisome kwa sauti. Shaaban Robert alikuwa mshairi kwanza, na sentensi zake zimepimwa kwa pumzi. Upande mmoja wa sentensi unainuka, wa pili unaujibu, na neno la mwisho linatua mahali pake. Macho yanayokimbia hayaoni vipimo hivyo. Mdomo unaviona mara moja, maana unapumzika pale alipotaka upumzike.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1971, ilitoka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, na hapo lugha ya riwaya ya Kiswahili ikabadilika. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Aliandika Kiswahili cha bara, kikavu, cha sentensi fupi, kisichoegemea methali wala mapambo ya mwambao. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha kikarudi darasani kikawa miongoni mwa riwaya zilizosomwa sana Tanzania. Wanaokikumbuka hukumbuka mambo yaliyowashtua: binti aliyeharibikiwa, mimba zilizotolewa, kifo chake kwa mkono wake mwenyewe. Mshtuko huo ulifunika kazi ya kitulivu iliyoutangulia.

Itazame ile sehemu ya mwanzo. Zakaria, baba mlevi na mkali, anapata barua ambayo binti yake ameandikiwa na kijana, anampiga. Regina, mama, anashuhudia. Tukio halikuandikwa kwa maneno mengi, wala mwandishi hajitokezi kutuambia linamaanisha nini. Kisha Rosa anakwenda shule ya wasichana Mwanza. Msomaji wa mara ya kwanza hutarajia aanze kuanguka papo hapo, lakini Kezilahabi ana subira. Rosa anafika Mwanza akiwa mwoga. Anawakwepa wavulana, hajui kuzungumza nao, na kwa kipindi kizima tunachokiona ni woga tu. Nimerudia kurasa hizo mara nyingi kuliko zile za msiba, kwa sababu humo ndimo sababu inapozaa tokeo. Kipigo kilimfundisha kuogopa, hakikumfundisha kuchagua. Siku anapoacha kuogopa hana kingine cha kumshika. Mwandishi hakuliandika jambo hilo popote. Amelipanga tu, tukio moja baada ya lingine, akatuachia sisi tulione.

Riwaya hii pia ndiyo inayobadilika zaidi kadiri msomaji anavyoongeza umri. Kijana husoma habari za Rosa. Mzazi akiirudia husoma habari za Zakaria na Regina, na hapo huona kwamba Kezilahabi aliandika vitabu viwili katika kimoja. Zakaria anaamini kwamba anamlinda binti yake. Anaamini hivyo kweli, na kwa kuwa mwandishi hakumfanya shetani, mzazi anayesoma hawezi kumsukuma mbali akasema huyu si mimi. Hata zile kurasa za mwisho, ambapo kisa kinatoka duniani na baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu, ambazo wasomaji wengi wameziona ngeni, kwangu zimekuwa wazi zaidi kila ninapozirudia. Kitabu kizima kilikuwa kesi isiyo na mahakama. Kilihitaji mahali ambapo baba angeulizwa.

Kezilahabi aliendelea kubadilika. Katika Kichwamaji, mwaka 1974, alimkabidhi usimulizi Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, na anayekirudia kitabu hicho hujifunza kutomwamini kila anachotuambia juu yake mwenyewe na juu ya wengine. Nagona na Mzingile, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ziliandikwa kama vile mwandishi anajua tangu sentensi ya kwanza kwamba usomaji mmoja hautatosha. Ni vitabu vifupi sana, na havikubali haraka.

Sasa nije kwa Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1947, na Utengano yake ya mwaka 1980, ambayo vijana wengi wa Kenya waliisoma shuleni. Kisa kinakumbukwa kwa safari ya Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, akaja kutoka na kutumbukia katika maisha ya kwa Mama Jeni. Ukikirudia unagundua kwamba injini ya kitabu iko kwa mtu mwingine: bikizee mkunga, Bi Farashuu. Bi Tamima, mke wa Maksuudi, anashikwa na uchungu mume akiwa hayupo, na mkunga anaitwa katika nyumba ambayo mwenyewe amemkataza kuikanyaga. Mara ya kwanza tunaona dharura, na mwanamke mzee amekuja kumsaidia mzazi. Baadaye sana ndipo tunapopata kuelewa kwamba alikuwa na binti, Mwanasururu, na alichotendewa binti huyo na Maksuudi. Tukirudi kwenye ule mlango akiingia mkunga, hatua zake zina uzito ambao hatukuusikia kwanza. Anafanya kazi ya huruma na ana deni la miaka moyoni, yote mawili kwa wakati mmoja, na mwandishi hakumpunguzia hata moja.

Namna anavyoingiza habari za zamani ni ya kutazamwa kwa karibu. Msusi wa ukili huchomeka mwaa mpya kabla ule wa zamani haujaisha, ndiyo maana ukiutazama mkeka huoni ulipoungwa. Said Ahmed Mohamed hufanya hivyo na wakati. Hasimamishi kisa ili atueleze yaliyopita. Jambo la kale linajitokeza kwanza kama neno moja la uchungu kinywani mwa mtu, kisha kama mnong'ono wa watumishi, na linapokuja kusimuliwa kamili tayari tulikuwa tunalijua nusu. Wanafunzi hufundishwa kuiita mbinu rejeshi na kuandika jina hilo kwenye karatasi ya majibu. Jina ni sahihi, lakini halitufunzi kwamba ugumu wa kazi hiyo uko katika kuchagua saa ya kuchomeka.

Adam Shafi ni bwana wa kuwasikia watu. Alikuwa amekwisha kutupa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, riwaya inayotufikisha kwenye mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948, kabla Vuta n'kuvute haijachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, ameozwa kwa Bwana Raza, mtu wa miaka hamsini na miwili. Anaitoroka ndoa hiyo, watu wake wanamkataa, na anapata hifadhi Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma. Huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na makachero wa Inspekta Wright.

Wanaoisoma mara ya kwanza huvutwa na mapenzi na mbio za polisi. Mimi hurudi kwa ajili ya chumba cha Mwajuma. Humo watu wanataniana, wanaimba, wanagombana, wanakopeshana, wanapeana habari za hatari katikati ya vicheko, na siasa ya Zanzibar ya ukoloni inapita mle bila kuhutubiwa. Ukifunika majina ya wasemaji kwa kidole bado unamjua nani anaongea. Mwajuma ana mwendo wake wa maneno, Denge wake, na Yasmin anaanza riwaya akiwa karibu hana sauti kisha anaipata kidogo kidogo, mpaka siku moja tunamsikia akijibu kwa namna ambayo asingeweza kuijibu akiwa dukani kwa Bwana Raza. Ukuaji huo uko katika mazungumzo yake, na msomaji mwenye haraka huuhisi bila kujua umetokea wapi.

Kuna na Bukheti. Huyu ni kijana jirani anayeonekana mapema, wakati Yasmin bado yuko kwa Bwana Raza, anaguswa kidogo tu kisha anaachwa. Kisa kinajaa watu wengine na tunamsahau. Mwishoni, anapopata nafasi katika maisha ya Yasmin, hatuhisi kwamba mwandishi ameokota mtu njiani ili afunge hadithi. Rudi mwanzo uone kiasi alichowekewa: kidogo cha kutosha kukumbukwa, kidogo cha kutosha kusahauliwa. Kipimo hicho hakifundishiki kwa kanuni. Kinajulikana kwa kukitazama kwa mtu aliyekiweza. Amil Shivji aliitengeneza riwaya hii kuwa filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, nami nilifurahi kuona kizazi kipya kikiijua hadithi. Furaha yangu itakuwa kubwa zaidi wakitoka kwenye filamu wakaenda kwenye kitabu, maana sauti hizi ziliandikwa ili zisikike katika kichwa cha msomaji.

Hawa watano hawafanani. Mmoja huficha kwa soga, mwingine hujenga kwa marudio, wa tatu hupanga sababu na kunyamaza, wa nne huchomeka jana ndani ya leo. Na wa tano, Shafi, huwaachia watu waseme. Wanapokutana ni katika kumwamini msomaji. Hakuna kati yao anayetushika mkono kwenye ukurasa na kutueleza tuhisi nini. Wanatuwekea vitu mahali pake na kungoja, na baadhi ya vitu hivyo vilitungoja miaka mingi, mpaka tulipokuwa wazazi, au wafiwa, au raia waliokwisha kuona hukumu ikitolewa kabla ya utetezi.

Kwa sababu hiyo nadhani kurudia ndiyo shule bora kwa anayetaka kuandika riwaya kwa Kiswahili leo. Mara nyingi vijana huambiwa wasome zaidi, na wao huelewa kwamba wasome vitabu vingi. Ushauri huo ni mwema, lakini kitabu kimoja kikisomwa mara nne kwa miaka kumi humfunza mwandishi jambo ambalo vitabu arobaini vya haraka haviwezi. Achukue Utengano, aandike pembeni kila mahali jina la Mwanasururu au kivuli chake kinapogusa kisa. Achukue mazungumzo ya kwa Mwajuma ayasome kwa sauti, kisha ayasome ya kwake. Tofauti ataisikia, na atajua pa kuanzia kazi.

Kwa msomaji asiye na nia ya kuandika, ninalo pendekezo la utaratibu tu. Mwenye jioni moja aanze na Kusadikika. Mwenye watoto wanaoelekea ujanani aanze na Rosa Mistika, na mzazi mwenzake naye aisome, wajadiliane. Anayependa watu na maneno yao achukue Vuta n'kuvute. Anayependa kulima na ardhi na mapenzi yasiyo na maneno mengi atafute Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, asome taratibu zile kurasa za Rehema na Sulubu wakiwa shambani. Aliyechoka na kazi ampe Bwana Msa usiku mbili tatu, hata kama anamkumbuka muuaji, afadhali akimkumbuka.

Na mwongozo wa mtihani auache kabatini. Maswali yake yalikwisha kujibiwa zamani, na vitabu hivi bado vina mengine ambayo hakuna mtahini aliyewahi kuyauliza.